Barua ya wazi kwa watunga sheria za kodi wa Marekani: mtoto wa dada yangu ni mtoto wa nani?

Louisville, Kentucky
Februari 2026

Kwa:
Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Baraza la Wawakilishi inayotunga sheria za kodi,
Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Fedha ya Seneti,
Washington, D.C.

Nakala: Waziri wa Fedha, Kamishna wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani)

Waheshimiwa,

YAH: WATOTO TUNAOWALEA KUTOHESABIWA KATIKA KODI ZETU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua kwa wakubwa katika shule za kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na mpaka leo sijaona sababu ya kuacha.

Hii ni barua yangu ya nne juu ya jambo hili. Tatu za kwanza hazikuwa za wazi. Mbili nilizipeleka kwa ofisi ya mwakilishi mmoja. Ya kwanza ikajibiwa kwa shukrani tupu, ya pili haikujibiwa. Ya tatu nilimkabidhi msaidizi wa mheshimiwa mwingine mkononi, naye akaniambia kwa upole kwamba "sheria ndivyo inavyosema." Nimekubali kwamba ndivyo inavyosema. Ndiyo maana sasa nawaandikia wanaoisemesha, na naandika hadharani. Nakala ya Kiingereza imetumwa ofisini kwenu. Hii ya Kiswahili nimeiandika ili ndugu zangu waisome na kujua nimesema nini kwa niaba yao, na wanikosoe nikikosea.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini. Usiku nafanya kazi ghalani. Siku za Jumamosi, kuanzia mwisho wa Januari hadi wiki ya tarehe 15 Aprili, nakaa kwenye meza ya plastiki katika ukumbi wa kanisa nikiwajazia watu Fomu 1040, ile ya kodi ya mapato ya kila mwaka, bila malipo. Kila mwaka nafanya mtihani wa kujitolea kabla ya kuruhusiwa kugusa fomu ya mtu. Wenyewe hatusemi "kuwasilisha ritani ya kodi," tunasema kufanya taksi. "Ulishafanya taksi?" ni salamu ya Februari hapa kwetu, kama vile "umeshavuna?" ilivyokuwa salamu ya Juni kwa wazazi wetu.

Swali gumu kuliko yote kwenye meza ile halihusu mshahara. Mshahara uko kwenye karatasi ya mwajiri, unaunakili tu. Swali gumu ni lile la safu ya watoto: huyu ni nani kwako?

1. Neno "dada"

Sheria yenu inawatambua watoto hawa: wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili, ndugu zako mwenyewe, ndugu wa mzazi mmoja, ndugu wa kambo, na vizazi vyote vya hao. Yaani mtoto wa dada yako yumo. Mjukuu wa kaka yako yumo, na kitukuu chake pia yumo, ilimradi anaishi kwako. Mtoto wa binamu yako hayumo.

Sasa nisikilizeni. Katika lugha yetu, binti wa mama mkubwa ni dada yangu. Binti wa baba mdogo ni dada yangu. Simwiti binamu, nikimwita hivyo mbele ya wazee wataniuliza tumegombania nini. Mtoto wake ni mwanangu, na akifa, hakuna kikao kinachoitishwa kuamua nani amchukue. Anachukuliwa jioni ile ile, na kesho yake anaamshwa kwenda kuchota maji pamoja na wengine.

Mama mmoja wa hapa mjini alikwenda kwenye ofisi ya kujaza kodi, zile zinazofunguliwa Januari kwenye fremu iliyokuwa duka la simu. Aliulizwa, kwa kupitia mwanawe wa darasa la saba aliyekuwa mkalimani wa siku hiyo: huyu binti ni nani? Akajibu: mtoto wa dada yangu. Mjazaji akaandika mpwa. Mama akatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba anaapa, kwa adhabu ya kiapo cha uongo, kuwa yote ni kweli. Na kwake yote yalikuwa kweli! Hakuongeza mtoto hewa wala hakuazima mtoto wa jirani. Binti yule amelala nyumbani kwake tangu akiwa na miaka minne, na ni yeye aliyemuuguza alipougua surua kambini.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya ukaguzi. Vielelezo vilipopangwa mezani ikaonekana kwamba "dada" ni binti wa mama mkubwa. Kwa Kiingereza, na kwa sheria, ni binamu. Akatakiwa kurudisha fedha za nafuu za kodi alizopewa kwa ajili ya binti yule, pamoja na riba. Tena sheria inaruhusu zaidi ya hapo: anayeonekana amepuuza kanuni kwa makusudi au kwa uzembe anaweza kufungiwa nafuu hizo miaka 2, na aliyefanya udanganyifu miaka 10. Kifungo hicho hakimgusi yule mtoto mmoja tu. Kinafunga nafuu nzima, hata kwa watoto aliowazaa mwenyewe.

Ofisi iliyomjazia ilikuwa imeshafungwa. Pale sasa wanauza vepu, zile sigara za umeme.

2. Hesabu ya majirani wawili

Msije mkadhani nazungumzia senti. Chukueni wanawake wawili wanaokaa jengo moja, wote hawana waume, wote wanafanya kazi ghala moja na kulipwa dola 34,000 kwa mwaka 2025. Kila mmoja analipa peke yake kodi ya nyumba. (Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa anachochukua mwenye nyumba na kinachochukuliwa na serikali. Wahenga hawakuona tofauti.) Kila mmoja analea binti wa miaka 10, yatima.

Wa kwanza analea binti wa dada yake wa tumbo moja. Anahesabiwa mkuu wa kaya, kwa hiyo dola 23,625 za mwanzo hazitozwi. Kodi yake inakuwa kama dola 1,037. Nafuu ya mtoto, dola 2,200, inaifuta yote na kubakisha dola 1,160 hivi anazorudishiwa. Juu yake anapata nafuu ya kipato cha kazi, ile ya wafanyakazi wa kipato kidogo, kama dola 2,626. Kwa jumla anatoka na dola zipatazo 3,790, mbali na zile zilizokatwa kwenye mshahara wake.

Wa pili analea binti wa dada yake wa mama mdogo. Kwenu huyo si dada. Basi hawi mkuu wa kaya. Anahesabiwa mtu pekee, na kinachosamehewa ni dola 15,750 tu. Kodi yake inafika dola 1,951. Hapati ile nafuu ya dola 2,200, na nafuu ya kipato cha kazi pia inampita, kwa kuwa machoni pa sheria hana mtoto, na asiye na mtoto kwa mshahara huo hapewi kitu. Anapunguziwa dola 500 za mtegemezi mwingine, anabaki anadaiwa dola 1,450.

Tofauti ni dola 5,240, kwa mshahara ule ule, chungu cha ukubwa ule ule na binti wa umri ule ule. Kwa watu wa mshahara huo, dola 5,240 ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, au ni gari linalokupeleka kazini mahali ambapo basi halifiki usiku.

Wa pili akiniuliza kosa lake ni nini, namjibu kwamba bibi yake alizaa mabinti wawili badala ya mmoja. Sina jibu lingine.

3. Mwaka wa kwanza

Hata hizo dola 500 zina sharti. Mtu asiye kwenye orodha yenu ya ndugu lazima awe ameishi na wewe mwaka mzima, Januari hadi Desemba. Aliyempokea mtoto wa binamu yake uwanja wa ndege mwezi Februari, akamnunulia koti, akamwandikisha shule, akapanga foleni ya chanjo, mwaka huo hana mtegemezi. Na ndio mwaka wenye gharama kuliko yote.

4. Vyeti

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hata aliye na haki kamili anashindwa.

Mtu anayelea mpwa wa kweli, wa dada wa tumbo moja, akikaguliwa anatakiwa kuonyesha mambo mawili: kwamba mtoto ni ndugu yake, na kwamba waliishi pamoja zaidi ya nusu ya mwaka. Undugu unathibitishwa kwa mlolongo wa vyeti: cha mtoto kikimtaja mama yake, cha huyo mama kikimtaja bibi, na cha mlezi kikimtaja bibi yule yule. Yaani vyeti vitatu vya kuzaliwa vya watu waliozaliwa sehemu tatu, na mmoja wao ni marehemu.

Bibi alijifungulia Fizi, kule Kivu Kusini, nyumbani, mkunga akiwa shangazi yake. Dada alizaliwa njiani wakikimbia. Mtoto alizaliwa kambini. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, na wapo waliozaliwa pale ambao leo wana watoto wao, bila kushika cheti cha nchi yoyote. Tulichokuwa nacho ni kadi ya mgao. Tarehe za kuzaliwa nyingi ziliandikwa Januari mosi kwa sababu hakuna aliyejua tarehe. Ukiangalia mafaili mezani kwangu utadhani ukumbi mzima ulizaliwa mkesha mmoja. Majina nayo yaliandikwa jinsi karani alivyoyasikia. Nimewahi kushika karatasi nne za mtoto mmoja zenye majina ya ukoo manne.

Makazi yanathibitishwa kwa barua ya shule, ya daktari au ya mwenye nyumba, yenye anwani na tarehe za mwaka husika. Inasikika rahisi. Lakini mwaka wa kodi unaanza Januari na mwaka wa shule unaanza Agosti, kwa hiyo barua moja ya shule haikamilishi mwaka. Zinatakiwa za miaka miwili ya masomo. Mtoto akihama shule katikati, tatu. Na familia iliyokaribishwa miezi mitano sebuleni kwa ndugu kabla ya kupata nyumba yake haina mkataba wa kupanga. Mwenyeji anaogopa kuandika barua kwa sababu naye mkataba wake hauruhusu watu tisa.

Haya yote ningeyavumilia kama serikali yenu isingekuwa inatujua. Inatujua! Kabla hatujapanda ndege tulihojiwa, na tukahojiwa tena. Tuliulizwa majina ya wajomba, ya shangazi, ya wake wa baba, ya watoto waliokufa na walipozikwa. Ukoo wetu ulichorwa kwenye karatasi, ukalinganishwa na majibu ya ndugu waliohojiwa chumba kingine. Aliyekosea jina la shangazi alirudishwa nyuma miaka. Mtoto asiye na wazazi hakuruhusiwa kusafiri na mlezi mpaka wahudumu wa ulinzi wa watoto wakae, waandike ripoti, na waamue kwamba kwake hilo ndilo jema. Tulipofika, shirika la kupokea wakimbizi, lenye mkataba na serikali yenu, lilikuja nyumbani, likaangalia chumba atakacholala mtoto, likamsainisha mlezi karatasi ya kuwajibika kwake.

Kwa hiyo mkono mmoja wa serikali una faili nene kama Biblia linaloeleza mtoto huyu ni nani, na mkono mwingine unadai cheti ambacho ule wa kwanza unajua hakijawahi kuwepo.

5. Waliobaki

Mtegemezi lazima awe raia wa Marekani au mkazi wake, au awe anaishi Kanada au Meksiko. Mtoto wako aliyebaki Nyarugusu au Kampala hahesabiwi, hata kama kila mwezi ni wewe unayemlipia chakula na ada. Sheria hii ni ya zamani na sina nguvu ya kubishana nayo yote. Lakini tazameni inavyofanya kazi sasa. Tangu Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi umesimamishwa kwa amri ya rais, na kwa watu wetu walio wengi mlango umefungwa. Najua si nyinyi mliotia sahihi amri hiyo. Kuna wazazi hapa ambao watoto wao walikuwa wamefikia hatua ya mwisho, na sasa mtoto hahesabiwi kwa kuwa hajafika, na hajafika kwa kuwa amezuiwa.

Halafu kuanzia Januari mosi mwaka huu, kwa sheria mliyoipitisha nyinyi Julai 2025, anayetuma fedha taslimu nje ya nchi anakatwa kodi ya asilimia 1. Kwa hiyo mtoto yule asiyeonekana kwenye Fomu 1040 anaonekana vizuri kabisa kwenye dirisha la kutuma pesa.

6. Wajazaji

Hapa Kentucky kinyozi anahitaji leseni ili aguse nywele zangu. Kuniandikia kiapo cha kodi kwa malipo hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Inatosha kujisajili na kupewa namba. IRS ilijaribu kuwawekea mitihani, mahakama ya rufaa ya Washington ikasema mwaka 2014 kwamba Bunge halijaipa mamlaka hayo. Ni miaka 12 sasa. Mamlaka hayo mnayo nyinyi.

Najua mtakayosema

Mtasema: udanganyifu. Nami sitakataa. Nimeona mtu akiuza namba ya soshali (namba ya utambulisho ya Hifadhi ya Jamii) ya mtoto wake kwa shemeji ili kila mmoja apate kiwango kinachomfaa, na nikamfukuza mezani. Nimesoma pia kwamba mlipoanza kudai namba hizo kwa watoto wa miaka 5 na zaidi, kwenye fomu za mwaka 1987, wategemezi kama milioni 7 walitoweka kwenye vitabu vya kodi vya nchi nzima. Hao hawakuwa Wakongomani. Sisi tulikuwa hatujafika. Hatua ile ilikuwa nzuri kwa sababu ilipima jambo linaloweza kupimwa: je, mtoto yupo? Kumuuliza mtoto aliyepo, mwenye soshali, anayesoma shule ya umma umbali wa hatua mia mbili, kwamba bibi yake na bibi wa mlezi ni mtu mmoja au wawili, hakuzuii wizi wowote. Mwizi ana vyeti. Vyeti ndiyo kazi yake.

Mtasema: nendeni mahakamani. Ni kweli, na ndugu zangu mnaosoma, lishikeni hili: mtoto aliyewekwa kwako kwa amri ya mahakama au na wakala aliyeidhinishwa kuwaweka watoto kwa walezi anahesabiwa kama mtoto wako, hata kama si damu yako. Nawashauri wanaoweza wafanye hivyo. Lakini waheshimiwa, mahakama inataka ridhaa ya wazazi au vyeti vyao vya kifo, na tumerudi kule kule kwenye vyeti. Inataka siku za kazi zisizolipwa. Na inataka mtu aliyekimbia nchi akiogopa kila mwenye muhuri aende kwa hiari yake kumwambia hakimu: huyu mtoto, kwa kweli, si wangu. Mama yule wa surua nilipomshauri aende, alinitazama kwa muda, akasema, "Halafu wakimchukua?" Nikakosa la kumwambia.

Mtasema: gharama. Hapo naomba mniwie radhi nikisema wazi. Nafuu ya mtoto haianzi kupungua mpaka mume na mke wafikishe kipato cha dola 400,000. Wenye dola 390,000 wanapata dola 2,200 kamili kwa kila mtoto, na hakuna anayewauliza habari za shangazi. Mwenye kipato cha chini kabisa ndiye anayewekewa kikomo: anarudishiwa asilimia 15 ya kile kinachozidi dola 2,500 alizochuma, na kwa mwaka 2025 si zaidi ya dola 1,700 kwa mtoto. Kama hazina imepungukiwa, anzeni kuhesabu kutoka juu. Nanyi mnajua fedha hizi hufanya nini zikimfikia mtoto. Mwaka 2021 mlipoipandisha nafuu hadi dola 3,000, na 3,600 kwa walio chini ya miaka 6, na kuitoa bila kujali mzazi amechuma kiasi gani, umaskini wa watoto kwa kipimo chenu wenyewe ulishuka hadi asilimia 5.2. Mkaiacha ikafa Desemba. Mwaka uliofuata ukawa asilimia 12.4.

Na mtasema: nyinyi wageni familia yenu mnaijua kwa namna yenu, sheria haiwezi kufuata mila za kila mgeni. Hili ndilo ninalolikataa kwa nguvu zaidi, kwa sababu sheria yenu iliwahi kusema tunachosema. Kabla ya mwaka 2000, kwa nafuu ya kipato cha kazi, mtoto wa kulelewa alikuwa yule aliyeishi nawe mwaka mzima nawe ukamtunza kama mwanao mwenyewe. Hakuna wakala, hakuna hakimu. Ni sheria ya Desemba 1999 iliyoleta sharti la kuwekwa na wakala kwa asiye ndugu wa karibu, na ile ya 2004 iliyofuta hata maneno "kama mwanao mwenyewe." Sisi tuna msemo, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mliwahi kuuandika kwenye sheria ya kodi, kwa Kiingereza, kisha mkaufuta. Siwaombi mjifunze mila ya Kivu. Nawaomba mrudie maneno yenu.

Tunachoomba

Kwanza, Bunge lirudishe kipimo cha malezi. Mtoto mwenye soshali, asiye na mzazi anayeishi naye, aliyekaa na mtu mzima mmoja zaidi ya nusu ya mwaka na kulishwa naye, ahesabiwe kuwa mtoto wa mlezi huyo, kwa nafuu ya mtoto, kwa nafuu ya kipato cha kazi na kwa hadhi ya mkuu wa kaya. Kama mnaogopa kufungua mlango wote, anzeni na vizazi vya mabinamu.

Pili, na hili halihitaji Bunge: Wizara ya Fedha na IRS watamke kwa maandishi kwamba mlezi aliyesaini karatasi ya kuwajibika mbele ya shirika la kupokea wakimbizi amewekewa mtoto na wakala aliyeidhinishwa. Ukurasa mmoja unatosha.

Tatu, faili la ukimbizi lenye ukoo wetu likubaliwe kama kielelezo cha undugu pale vyeti vya kuzaliwa visipopatikana, na mtu asidaiwe kulitafuta mwenyewe wakati liko kwenye kabati la serikali ile ile.

Nne, kosa la tafsiri ya undugu lisihesabiwe uzembe. Aliyesema "dada" akimaanisha dada arudishe alichozidishiwa kama sheria inataka, lakini asifungiwe miaka 2 kwa watoto wake wengine.

Tano, wajazaji wa kulipwa wapewe mtihani na leseni. Na mzazi mwenye ombi la kuunganishwa na mtoto wake lililokwama serikalini asikatwe ile asilimia 1 anapomtumia huyo mtoto fedha.

Sitaki jibu la shukrani. Nataka mmoja wenu, au msaidizi wake mwenye kalamu, aje akae mezani kwangu Jumamosi moja kabla ya tarehe 15 Aprili. Tunafungua saa tatu asubuhi. Kutakuwa na chai ya maziwa na mandazi, na foleni hadi kwenye ngazi. Nitampa fomu na mkalimani, na swali lile la safu ya watoto atauliza yeye mwenyewe. Mama wa surua amesema atakuja na binti. Mwaka huu nimemwandika kwa dola 500, kama sheria inavyotaka. Anadaiwa zilizobaki, nazo atazilipa kidogo kidogo kila mwezi.

Wenu katika ujenzi wa nchi hii,

Mjazaji wa fomu wa kujitolea,
kwa niaba ya familia 31 zilizosaini orodha iliyoambatanishwa kwenye nakala zenu